Vyombo vya Bibi Arusi: Kaure katika Nyumba, Sheria na Lugha ya Waswahili

Chombo, kwa Mswahili, ni kitu cha kutilia kitu, na chombo ni jahazi. Maana hizi mbili zimekaa katika neno moja bila kusumbuana, hata msemaji hatambui kuwa ni mbili mpaka aulizwe. Wingi wa neno hilo, vyombo, una maana ya tatu ambayo kamusi huipitia kwa haraka: mali ya nyumbani ambayo mwanamke huingia nayo katika ndoa, au huwekewa kwa ajili ya ndoa. Mtu akisema mtaani kwamba vyombo vimeshapelekwa, hakuna anayefikiria bandari. Watu hufikiria arusi.

Historia ya maana hiyo ya tatu haijaandikwa kwa uzito unaostahili. Vyombo vya kaure vilivyochimbuliwa katika miji ya kale ya pwani vimehesabiwa, vimepimwa na kupewa tarehe kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler, baada ya kuzuru magofu ya Tanganyika, alitoa kauli iliyopata umaarufu, kwamba historia ya nchi hiyo iliyofukiwa ardhini tangu karne ya 10 inasomeka katika kaure ya Kichina. Tangu hapo kaure imekuwa saa ya wachimbaji: kigae kikipatikana, karne inajulikana. Na pale ilipoacha kuwa saa imekuwa daftari la biashara, la kueleza nani aliuza, nani alinunua, na jahazi lilitoka wapi. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba saa na daftari havitoshi. Bakuli lililofika pwani halikuishia ghalani. Lilichaguliwa, likapewa mtu, likatumiwa au likazuiliwa lisitumiwe, na mwishowe likamtoka mwenyewe kwa kuvunjika, kwa talaka, kwa kifo au kwa kuuzwa. Kwa karne tatu zilizopita, ambazo nyumba na desturi zake zinajulikana vizuri, mwenyewe huyo mara nyingi alikuwa mwanamke. Ushahidi wa jambo hili umo zaidi katika lugha, katika sheria na katika mpango wa nyumba kuliko katika vigae peke yake.

Yafaa kuanza na majina. Sahani imetoka katika Kiarabu, ambako neno hilo hutaja chombo kipana na pia ua wa msikiti. Kiswahili kimechukua chombo na kuuacha ua. Birika la kumiminia limetokana na ibriki ya Waarabu, nao Waarabu walilipata neno hilo kwa Waajemi. Sinia ndilo lenye kisa kikubwa zaidi. Katika Kiarabu asili yake ni kivumishi chenye maana ya “ya Kichina”, yaani chombo kilichopewa jina la nchi kilikotoka. Leo sinia ni la shaba, la bati, la alumini au la plastiki; hupakuliwa pilau ya watu wanne au watano, na hakuna anayeisikia China ndani yake. Kauri, kwa upande wake, ni jina la simbi, yule konokono wa baharini mwenye gamba linalong'aa, na pia ni jina la udongo uliochomwa ukang'aa, sambamba na kaure. Wazungu walifanya vivyo hivyo: porcellana ya Waitalia ilikuwa simbi kabla ya kuwa sahani, na Marco Polo alilitumia neno hilo kwa vyote viwili.

Lahaja nazo zina la kusema. Katika Kiamu, ngeli inayoonekana katika Kiswahili Sanifu kama vi- huwa zi-, ndiyo maana vyombo huitwa zombo na vitu huitwa zitu. Vishubaka vya ukutani vilivyowekewa kaure huitwa zidaka, umoja wake kidaka. Msemaji wa Kiswahili Sanifu angetazamiwa kusema vidaka, lakini wanaakiolojia na wasanifu majengo wamelibeba neno katika umbo la Kiamu, nalo limekwama hivyo katika vitabu. Si kosa. Ni dalili kwamba kitu chenyewe kilifahamika kwa ukamilifu huko kaskazini, Lamu, Pate na Siyu, na kwamba jina lake halikuhitaji kusanifishwa kwa sababu sehemu nyingine nyumba za namna hiyo zilikuwa chache au zilikwisha kubomoka. Lamu pia wanalo daka, nalo ni ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza, mahali mwenye nyumba alipopokea wageni wa nje. Daka liko nje, zidaka ziko ndani kabisa, na kati ya hizo mbili kuna nyumba nzima. Jambo hili litarejewa.

Kaure haikuwa nyingi. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulipata vyombo vya Kichina vya tangu karne ya 9, pamoja na vya Ghuba ya Uajemi. Hata hivyo, katika miji karibu yote ya kale vyombo vya ng'ambo ni asilimia chache tu ya vigae vyote. Vilivyobaki ni vyungu vya kienyeji. Anayehesabu kaure pekee anahesabu kile kilichokuwa adimu, na adimu yake ndiyo iliyokuwa thamani yake. Kuna haja pia ya kuonya dhidi ya shauku ya siku hizi ya kumwona Mchina kila panapookotwa kigae cha Kichina. Ni kweli kwamba merikebu za Zheng He zilifika pwani hii mwanzoni mwa karne ya 15. Lakini kaure ilikuwa imefika karne nyingi kabla yake, mikononi mwa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, bandari kwa bandari.

Je, ililiwa chakula? Hapa wataalamu wamegawanyika, na mgawanyiko huo una manufaa. Jeffrey Fleisher, katika makala yake ya mwaka 2010, ameonyesha jinsi mabakuli ya kigeni yalivyohusiana na karamu: mwenye mji alijenga hadhi kwa kulisha watu, na bakuli lililo wazi, linaloonekana nakshi yake, lilikuwa sehemu ya ukarimu huo. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini Ibn Battuta, aliyekaribishwa Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba wali wa samli aliletewa katika chombo kikubwa cha mti, na vitoweo vikawekwa juu yake. Chombo cha mti ni chano, neno la Kibantu lisilo na asili ya Uarabuni wala China. Hata kwa mgeni wa heshima, basi, wali wenyewe ulikaa juu ya mti. Kaure ilikuwa na kazi yake, nayo haikuwa lazima iwe kazi ya tumbo.

Kazi moja ilikuwa ya ibada na mauti. Huko Gedi, karibu na Malindi, James Kirkman alichimba kuanzia mwaka 1948 akakuta kibla ya msikiti mkuu ilitiwa mabakuli ya kaure ndani ya chokaa. Nyumba moja ya mji huo aliipa jina la bakuli la kaure lililopatikana humo. Makaburi ya nguzo, kutoka Mambrui hadi Kunduchi, yalipambwa kwa sahani na mabakuli yaliyozamishwa katika chokaa ilipokuwa mbichi. Chombo kilichowekwa hivyo hakitiliwi kitu tena. Kimeachwa kimtazame apitaye.

Kazi nyingine, na ndiyo kiini cha mhadhara huu, ilikuwa katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Nyumba hizo zilipangwa kwa tabaka za faragha. Mtu alitoka daka akaingia tekani, kisha kiwanda kilicho wazi juu, kisha misana miwili iliyofuatana, ndipo akafika ndani. Neno ndani hapa si kielezi. Ni jina la chumba. Ukuta wenye zidaka ulikuwa huko, safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa iliyochongwa, vingine vidogo mno visivyoweza kuwekwa chochote isipokuwa kikombe. Mgeni wa kiume asiye jamaa hakufika huko. Kama sahani zilikuwa tangazo la mali ya mfanyabiashara, kama inavyosemwa mara nyingi, basi tangazo lilibandikwa mahali ambapo wafanyabiashara wenzake hawakuweza kulisoma.

Waliolisoma ni wanawake. Linda Donley-Reid, aliyefanya utafiti Lamu na visiwa vya jirani katika miaka ya 1970 na 1980, alieleza kwamba chumba cha ndani kilihusishwa na mambo yanayomweka mtu katika hatari ya uchafu na jicho: arusi, uzazi, kuoshwa kwa maiti. Kaure, kwa maelezo aliyoyapata, ilikinga. Jicho la husuda likiingia lingevutwa na uzuri wa sahani badala ya kumwangukia bibi arusi au mzazi, na sahani ikipasuka ilihesabiwa kuwa imelipokea shari lililokuwa la mtu. Prita Meier, katika maandishi yake ya mwaka 2015 na 2016, anasisitiza upande mwingine: kwamba kaure zilizopangwa kwa kurudiarudia zilileta bahari ndani ya nyumba na kuonyesha kwamba ukoo huo una miguu ng'ambo. Maelezo haya mawili hayapingani. Hata hivyo yote mawili yanaliacha swali la kisheria, ambalo kwa Waswahili wenyewe ndilo la kwanza: mali hiyo ni ya nani?

Jibu limo katika desturi ya makazi. Miongoni mwa waungwana wa Lamu na Pate, baba mwenye uwezo alimjengea au alimtengea binti yake nyumba, mara nyingi kwa kuongeza ghorofa au kwa kujenga mkabala na kuunganisha kwa wikio, lile daraja linalopita juu ya ujia. Mume ndiye aliyehamia. Alilala chini ya zidaka zisizo zake. Ndoa ikivunjika, aliyefunga virago ni yeye, na sahani zilibaki ukutani. Hali hii ilikuwa tofauti na ile ya mijini kusini na ya siku za baadaye, ambako mke huhamia kwa mume na vyombo vyake humfuata. Lakini kanuni iliyo chini ya desturi zote mbili ni moja, nayo imo katika fikihi ya madhehebu ya Shafii: mahari ni mali ya mke, na kile alichopewa na wazazi wake ni mali yake, ndoa haichanganyi mali za watu wawili. Ndiyo maana mbele ya makadhi, Kenya na Zanzibar, neno vyombo si neno la jikoni tu bali ni neno la madai.

Isidhaniwe kwamba picha hii ilikuwa ya haki kwa kila mwanamke. Nyumba hizo zilihudumiwa na watumwa. Aliyepangusa vumbi katika zidaka na aliyeosha kombe baada ya karamu hawakuwa na kidaka chao wenyewe. Historia ya kaure ikisimuliwa kama historia ya wanawake, ni lazima iseme ni wanawake gani.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ya viwanda. Katika karne ya 19 sahani za Uingereza na za Maastricht, Uholanzi, hasa za kiwanda cha Petrus Regout, zilimiminika katika soko la Unguja na kusambaa pwani nzima. Zilikuwa nzito kuliko kaure ya Kichina, udongo wake haukuwa safi kama ule, na maua yake makubwa yenye rangi kali hayakuwa na unyenyekevu wowote. Wakusanyaji wa vitu vya kale kwa muda mrefu walizidharau. Dharau hiyo haina msingi kwa mwanahistoria. Sarah Croucher, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu mashamba ya karafuu ya Zanzibar, anaonyesha vyombo vya viwandani kutoka Ulaya vikiwa vimeingia hata katika makazi ya mashambani, si katika majumba ya mjini pekee. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907, mwanamke ambaye mama yake alipangusa sahani za wengine aliweza kununua sahani yenye maua na kuiita yake. Watafiti wa historia ya kanga wameueleza vizuri mwendo huo wa uungwana kununulika dukani. Sahani inastahili kuwekwa kando ya kanga.

Matumizi mengine ya sahani nyeupe hayaonekani katika vigae hata kidogo. Mwalimu huandika aya za Qurani kwa zafarani juu ya sahani au kombe, maandishi huoshwa kwa maji au marashi ya mawaridi, na mgonjwa hunywa. Dawa hiyo huitwa kombe, na tendo lenyewe kunywa kombe. Hapa jina la chombo limehamia kwa kilichomo, kama vile mtu anavyosema amekunywa vikombe viwili bila kumeza udongo. Sahani imekuwa ukurasa, na ukurasa umekuwa kinywaji. Kwa kazi hii nakshi haitakiwi. Sahani inayofaa ni ile tupu, nayo katika nyumba nyingi hutunzwa mbali na nyingine. Mtafiti akikuta katika mirathi sahani moja nyeupe isiyo na jozi, asiharakishe kuiita mabaki ya seti iliyovunjika.

Katika karne ya 20 zidaka zilihamia katika kabati. Neno ni la Kiingereza, fundi alikuwa mara nyingi Mhindi au mwanafunzi wa Mhindi, lakini mantiki ni ile ya chumba cha ndani: vioo mbele ili vionekane, ufunguo ili visiguswe. Kiswahili kilizaa hapo kundi jipya la majina. Kuna vyombo vya wageni na vya kila siku. Kuna sahani za bati, yaani zile za chuma zilizopakwa rangi inayong'aa. Kuna za plastiki. Na kuna za udongo. Tamko hili la mwisho linashangaza, kwa kuwa udongo ndio uliokuwa wa chungu cha kienyeji, kinyume cha kaure. Baada ya plastiki kuingia, udongo umepanda cheo: bibi arusi wa Dar es Salaam anayeahidiwa seti ya sahani za udongo anaahidiwa kilicho bora. Katika kicheni pati, sherehe ya wanawake iliyoenea katika miji ya Tanzania hasa tangu miaka ya 1990, bibi arusi huzungukwa na vyombo hivyo huku akipewa mawaidha. Wako wanaoibeza kuwa ni ugeni mtupu. Jina ni geni kweli. Lakini mkusanyiko wa wanawake wanaomkabidhi mwanamke vyombo mbele ya mashahidi wanawake, ili baadaye pasiwe na ubishi ni vya nani, si mgeni hata kidogo pwani. Hapo pia hapakosekani mtu wa kusema kwamba vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Methali hiyo husemwa kuhusu watu, lakini isingeeleweka katika jamii isiyojua sauti ya kikombe kinachogusa kikombe.

Kuachana na vyombo kuna sura kadhaa. Ya kwanza ni kuvunjika, nako kumeacha alama katika msamiati: gae na kigae ni kipande cha chombo kilichovunjika, na neno hilohilo, vigae, ndilo linalotumika leo kwa vipande vinavyoezekea paa na kutandikwa sakafuni. Sura ya pili ni talaka, ambayo imekwisha kugusiwa. Ya tatu ni mirathi, na hapa sheria iliyomlinda mwenye mali humtawanyia mali yake. Mwanamke akifa, faraidhi huwagawia mume, wazazi na watoto, na mtoto wa kike hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Seti ya sahani haigawanyiki kwa nusu bila kuacha kuwa seti. Mama aliyetaka vyombo vyake vibaki pamoja alikuwa na njia moja ya halali, nayo ni hiba: kumpa binti yake angali hai, na kumkabidhi kweli. Arusi ya binti ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote. Kwa hiyo zawadi inayoonekana kuwa ukarimu wa siku moja ilikuwa pia njia ya kupitisha mali upande wa kike bila kuivunja sheria.

Sura ya nne ni kuuza. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyotungwa Pate ilipokuwa imekwisha kuporomoka, inayakumbuka madaka yaliyopambwa kwa sahani katika nyumba zilizogeuka magofu. Mtunzi aliona mwisho wa anasa. Asichoeleza ni sahani zilikokwenda, na si kazi ya utenzi kueleza. Karne ya 20 ina jibu lake: zilikwenda sokoni. Familia za Lamu zilizopungukiwa ziliteremsha sahani moja moja, na wanunuzi wa vitu vya kale walikuwa tayari mlangoni. Unguja, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, wengi waliondoka Mji Mkongwe wakiziacha nyumba zao. Kenya ilitunga sheria ya mambo ya kale mwaka 1983, kisha sheria ya makumbusho na urithi mwaka 2006. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na Gedi mwaka 2024. Sheria hizo hulinda ukuta kwa urahisi zaidi kuliko kitu kinachobebeka chini ya buibui au ndani ya mkoba. Nyumba zipo zilizohifadhi zidaka zote zikiwa tupu.

Makaburi hayakusalimika. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yalitiwa sahani na mabakuli ya Kichina. Mengi yameng'olewa. Yaliyobaki mahali pake ni mashimo ya duara katika chokaa, kila moja likiwa na upana wa chombo kilichokuwamo.